Nani Kausimamisha Udi?

Mjomba wangu alipoiona pipa, chombo cha nyuzi cha Wachina, kwa mara ya kwanza hakuuliza jina lake. Nilikuwa nimemtumia video fupi kutoka Lanzhou: msichana ameketi wima, chombo amekisimamisha mapajani shingo juu, vidole vitano vya mkono wa kulia vinafunguka na kujifunga kama vya mtu anayewarushia kuku mtama. Mjomba amepiga udi Unguja kwa zaidi ya miaka 40. Aliitazama ile video baada ya isha akanipigia papo hapo, kwangu ikiwa saa saba na nusu usiku.

“Mwanangu, huo ni udi. Nani kausimamisha?”

Sikuwa na jibu. Nilikwenda China kusomea uhandisi wa maji, na muziki nilikuwa nausikiliza jioni tu, nikishafunga vitabu. Lakini swali lile halikunitoka.

Kwanza jina. Pipa hii haina undugu na pipa la maji, ndiyo maana nitaiita “pipa hii” mpaka mwisho. Kamusi ya kale ya enzi ya Han, karibu miaka elfu mbili iliyopita, inaeleza kuwa “pi” ni kuupiga uzi kwa kwenda mbele, na “pa” ni kuupiga kwa kurudi. Na mjomba hakukosea. Pipa yenye tumbo la nusu peasi iliingia China kutoka Asia ya Kati pamoja na misafara ya ngamia, na inahesabiwa kuwa ndugu wa barbat ya Uajemi, chombo ambacho udi wa Waarabu nao umetokana nacho. Tawi moja lilielekea mashariki, jingine likashuka hadi Misri na mwishowe Unguja. Katika enzi ya Tang, kati ya mwaka 618 na 907, Wachina waliilaza kifuani na kuipiga kwa kipigio, vile vile mjomba anavyoushika wake. Baadaye kipigio kikaachwa, kucha zikachukua kazi, chombo kikaanza kuinuka taratibu mpaka kikasimama. Hayo ndiyo niliyomweleza: mjomba, ni watu wengi, ni karne nyingi.

Hakuridhika. “Pana mtu wa kwanza,” alisema. “Kitu hakijisimamishi chenyewe.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Tukiambiwa muziki wa kale wa China, au ngoma ya kale ya China, tunaona mto unaojiendea tangu zama za mababu, usio na mwenyewe. Mimi pia niliona hivyo. Miaka yangu ya kuuliza ilinionyesha jingine: karibu kila nilipogusa kitu kinachoitwa cha kale, nilikuta mkono wa mtu mwenye jina, mara nyingi mtu wa karne iliyopita, aliyekabidhiwa kitu kilichokuwa kimya akakitafutia mwendo. Kiswahili kimetupa neno hilo moja kwa mambo mawili, mwendo wa muziki na mwendo wa mwili, na kwa kazi ya watunzi hawa sijapata neno linalolizidi.

Kutoka Lanzhou hadi Dunhuang, mji wa jangwani wenye mapango yaliyochorwa, ni zaidi ya kilomita 1,000, nami niliupitisha usiku mzima ndani ya treni nikiuangalia mchanga ukizidi kuchukua nafasi ya mashamba. Katikati ya mji, penye mzunguko wa barabara, imesimama sanamu ya mwanamke amenyanyua mguu mmoja, pipa ameipeleka nyuma ya shingo na mikono yote miwili iko huko nyuma inapiga. Umbo hilo limetoka katika mapango ya Mogao, mahekalu ya Kibudha yaliyochongwa mwambani nje ya mji, pango namba 112, lililochorwa enzi ya Tang. Pango lenyewe ni dogo na halikuwemo katika ziara yetu. Nilinunua picha yake iliyochapwa, nikakaa nayo nje chini ya mti. Mwanamke yuko katikati. Wanamuziki wamepangwa kulia na kushoto kwake. Kidole gumba cha mguu alioinua kimekunjwa juu, na utepe wake uko hewani.

Nilijaribu kumwiga nikiwa nimesimama pale pale. Mkao unawezekana. Kisichowezekana ni kujua alifikaje hapo. Alianza na mguu gani? Pipa ilipita juu ya kichwa au ubavuni? Na akishapiga nyuma ya shingo, anatokaje? Mchoraji alikamata nukta moja tu ya ngoma, akaiacha ukutani zaidi ya miaka elfu. Kilichokuwa kabla na kilichofuata hakipo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kikundi cha ngoma na nyimbo cha jimbo la Gansu kiliamua kukitafuta. Watunzi wake wa ngoma walikuwa watano: Liu Shaoxiong, Zhang Qiang, Zhu Jiang, Xu Qi na Yan Jianzhong. Walikwenda mapangoni na kurudi, wakanakili mikao, wakawasikiliza watafiti walioishi na kuta zile maisha yao yote. Waligundua kwamba miili iliyochorwa pale inapinda mahali patatu, shingoni, kiunoni na gotini, kama mto unaokata kona. Basi wakajiwekea sharti kwamba mwili wa mchezaji usinyooke moja kwa moja, na kwamba kutoka mkao mmoja kwenda mwingine lazima upinde huo uhame, usivunjike. Mchezo wao wa dansi, “Silu Huayu”, yaani Mvua ya Maua katika Njia ya Hariri, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Lanzhou mwezi Mei 1979. He Yanyun ndiye aliyekuwa msichana wa kwanza kucheza na pipa nyuma ya shingo.

Kisa cha mchezo huo kinanigusa kwa sababu mbili. Ya kwanza, yumo mfanyabiashara Mwajemi ambaye Wachina wanamwita Yinusi. Sisi tungemwita Yunus, na nilipolisikia jina hilo ukumbini Lanzhou niligeuka kuangalia kama kuna mwingine aliyeshtuka. Ya pili ni kubwa zaidi. Katika kisa hicho yuko mchoraji wa mapango na binti yake, Yingniang. Binti anacheza, baba anaona, baba anachora ukutani. Yaani wale watunzi watano hawakutosheka na kuuchezesha mchoro. Walitunga pia chanzo chake, wakampa yule mwanamke wa ukutani jina na mzazi. Walimjibu mjomba kabla hajauliza: pana mtu wa kwanza.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Hapana, na wao wenyewe hawakudai hivyo. Baada ya 1979, mwalimu Gao Jinrong alirudi kwenye kuta zile zile kwa subira ya mwalimu wa chuo, akapanga mazoezi ya macho, mikono, nyayo na kiuno mpaka yakawa masomo kamili. Leo binti wa miaka kumi na kitu akijiunga na shule ya sanaa Lanzhou anafundishwa ngoma ya Dunhuang kama vile iliwahi kufundishwa siku zote. Ni changa kuliko mama yangu.

Dunhuang kuna ukimya mwingine, na huu ulinikamata zaidi. Mwaka 1900 liligunduliwa pale pango dogo lililozibwa, limejaa karatasi. Mfaransa Paul Pelliot alifika 1908 akaondoka na maelfu ya karatasi hizo kwenda Paris. Moja yao upande mmoja ina mahubiri ya Kibudha ya mwaka 933, na upande wa pili nyimbo 25 zilizoandikwa kwa alama za pipa. Fikiria: mahubiri na muziki juu ya karatasi moja, mgongo kwa mgongo. Alama zinaonyesha vidole vikae wapi. Pembeni mwa alama kuna nukta na vijisanduku vidogo, na hapo ndipo penye ugomvi. Hayashi Kenzo wa Japani alizisoma kwa namna yake. Ye Dong wa Shanghai mwanzoni mwa miaka ya 1980 alizisoma kwa namna nyingine, wimbo ukabadilika. Chen Yingshi akaja na usomaji wa tatu. Karatasi ile ile, nukta zile zile, mwendo tofauti. Humo humo pangoni zilikutwa karatasi za ngoma, zenye maneno yaliyopangwa kwa safu: cheza, tikisa, peleka. Maneno yanasomeka vizuri kabisa. Ngoma haisomeki.

Niliposoma habari hiyo nililia, na nitaeleza kwa nini. Nyumbani kwetu kuna daftari la bibi mzaa mama. Ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nyimbo 19 za taarab zilizoandikwa kwa mkono mzuri uliolala kulia. Mashairi yote yamekamilika, vina na mizani. Mahadhi hayamo. Bibi alipoandika hakuona haja, kila mtu alikuwa anayajua. Leo hakuna hata mmoja anayejua hata wimbo mmoja kati ya hizo. Mama huliweka sandukuni, amelizungushia kanga.

Wachina wana jina la kazi ya kuurudisha mwendo katika maandishi ya namna hiyo, wanaiita “dapu”, na chombo walichoifanyia kazi hiyo zaidi ni guqin. Guqin ni ubao mrefu wenye nyuzi 7 na vidoto 13 vya chaza vilivyopachikwa pembeni. Maandishi yake ni ya ajabu. Yanakwambia utumie kidole gani, uzi upi, uvutie ndani au usukume nje, mkono wa kushoto ubonyeze kwenye kidoto kipi na uteleze hadi wapi. Hayakwambii ukae hapo muda gani. Mwaka 1425 mwana wa mfalme aitwaye Zhu Quan alichapisha mkusanyiko maarufu wa nyimbo za guqin, na mtu akiufungua leo anapata kila kitu isipokuwa muda.

Katika mkusanyiko huo umo wimbo “Guangling San”. Husimuliwa kwamba Ji Kang, mshairi wa karne ya 3, alipopelekwa kuuawa aliomba guqin yake, akaupiga wimbo huo mbele ya umati, kisha akasema kwamba sasa unakufa pamoja naye. Wimbo uliobaki kwenye karatasi una sehemu 45. Katika miaka ya 1950, Guan Pinghu, mchoraji na mpigaji wa Beijing, alikaa nao mpaka ukapigika. Wapigaji wana msemo kwamba wimbo mdogo unataka miezi mitatu na mkubwa unataka miaka mitatu. Hawatii chumvi. Unapiga mstari mmoja jioni nzima, haraka, polepole, ukiusikiliza mkono wako mwenyewe unapoteleza: mkono unataka kupumua wapi? Vidole viwili vikigusana hapa, sauti ya nyuma imekwisha au bado? Mpigaji mzuri anajua kuwa mwili una akili yake, na kwamba yule wa miaka elfu iliyopita naye alikuwa na vidole vitano.

Mtu huyu Guan Pinghu ndiye aliyepiga “Liu Shui”, Maji Yatiririkayo, uliowekwa kwenye santuri iliyopakwa dhahabu ya vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Ann Druyan, aliyekuwa akitafuta muziki wa China wa kupeleka angani, alimpigia simu mtunzi Chou Wen-chung aliyekuwa New York, naye hakusitasita kuutaja. Dakika saba na ushei. Mimi ni mtu wa maji kwa taaluma, nimepima kasi ya mito kwa mashine za bei kubwa, na nasema kwa moyo wote kwamba yule mzee aliyajua maji. Kuna mahali katikati ya wimbo ambapo mkono wa kushoto unateleza kwenda na kurudi juu ya nyuzi bila kupumzika, unasikia kabisa mkondo ukigonga jiwe, ukigawanyika, ukikutana tena.

Lakini mtunzi anayeniumiza ni mwingine, na huyu hakuwa na karatasi hata moja.

Wuxi ni mji wa mkoa wa Jiangsu, na chini ya kilima cha Huishan kuna chemchemi ambayo tangu enzi ya Tang inaitwa ya pili kwa ubora chini ya mbingu kwa ajili ya chai. Hapo Wuxi alizaliwa mwaka 1893 Hua Yanjun, anayejulikana zaidi kwa jina la Abing. Baba yake alikuwa kuhani wa Kidao, na hekaluni ndiko mtoto alikojifunza ngoma, filimbi, pipa na erhu. Erhu ukiiona utasema ni zeze: kisanduku kidogo kilichofunikwa ngozi ya chatu, fimbo ndefu, nyuzi mbili, na uta uliopita katikati ya nyuzi hizo usioweza kutoka. Alipofika miaka ya thelathini Abing alipofuka macho yote mawili. Akaishi kwa kupiga barabarani na kwenye migahawa ya chai, akiimba habari za mjini.

Mwaka 1950 mtafiti Yang Yinliu, naye mzaliwa wa Wuxi, alifika pamoja na Cao Anhe wakiwa na mashine iliyonasa sauti kwenye waya wa chuma. Abing alikuwa ameacha kupiga kwa muda mrefu, hakuwa na vyombo vinavyofaa, ikabidi aazimwe. Aliomba siku chache za mazoezi. Kisha akarekodi nyimbo 6 tu, 3 za erhu na 3 za pipa. Walipanga kurudi kurekodi nyingine, naye alitaka afanye mazoezi zaidi kwanza. Desemba mwaka ule ule akafariki. Hazina yote ya nyimbo aliyokuwa nayo kichwani, tuliyobaki nayo ni hizo 6.

Wimbo mmoja kati ya hizo ndio “Erquan Yingyue”, Mwezi Juu ya Chemchemi ya Pili. Leo hakuna Mchina asiyeujua. Uko kwenye vitabu vya shule, una mapangilio ya okestra, na lile la nyuzi lililotengenezwa na Wu Zuqiang hupigwa sana. Naliheshimu. Hata hivyo nikiusikia kwa fidla ishirini nahisi mtu amevalishwa kanzu ya kuazima. Tafuta rekodi ya Abing mwenyewe. Aliteremsha sauti ya erhu yake chini kuliko wengine na kutumia nyuzi nene, kwa hiyo uta unakwaruza, unavuta, unachoka. Wimbo unarudi na kurudi, kila duara kubwa kidogo kuliko lililopita, kisha unashuka. Hakuna kilio cha kutafuta huruma humo. Kuna mtu anayetembea njia anayoijua kwa miguu, kwa kuwa macho hayapo.

Mwaka huo huo wa 1950 ndio aliofariki Siti binti Saad, aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu na kuimba njiani, na ambaye sauti yake tunayo kwa sababu alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Sikulitafuta jambo hili, lilinijia tu nilipokuwa naandika tarehe za Abing pembeni mwa daftari langu la mahesabu ya mabomba. Waya wa chuma kule, sahani za santuri huku. Hivyo ndivyo vilivyokuwa kati yetu na kimya kitupu.

Si mbali na Wuxi, mji wa Jiangyin, alizaliwa mwaka 1895 mtunzi mwingine wa erhu, na laiti angepewa miaka zaidi. Liu Tianhua alijifunza fidla ya Kizungu, akafundisha Chuo Kikuu cha Peking, akakitazama chombo ambacho wasomi walikidharau kama cha ombaomba na cha kusindikizia waimbaji wa jukwaani, akaamua kukiandikia kama mtu anavyoandikia chombo chenye heshima. Ametuachia nyimbo 10 za erhu na mazoezi 47. Wanafunzi wote wa erhu wanapita humo, hakuna njia ya pembeni. Mwaka 1932 alikuwa akienda Tianqiao, mtaa wa wachezaji wa barabarani wa Beijing, kuandika midundo ya ngoma na matoazi kutoka kwa wazee wa pale. Huko aliambukizwa homa nyekundu. Alikuwa na miaka 37. Alikufa akikusanya mapigo.

Kwa upande wa ngoma, mtu wa kwanza ninayemtaja mtu akiniuliza hakuzaliwa China. Dai Ailian alizaliwa Trinidad mwaka 1916, katika familia ya Wachina wa visiwani, akaenda London akiwa msichana kusomea baleti na dansi mpya za Ulaya. Vita vya Japani dhidi ya China vilimuuma, na mwaka 1940 akafika Hong Kong, kisha China bara, akiwa na Kichina kidogo sana mdomoni. Alichofanya ni kwenda kuangalia. Huko Guangxi aliona jukwaani kipande cha bubu aliyembeba mlemavu mgongoni, akakitungia dansi: mtu mmoja anacheza wote wawili. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni msichana mwenye madaha, kuanzia kiunoni kwenda chini ni mzee anayelemewa na mzigo. Miili miwili, miendo miwili, pumzi moja. Mwaka 1946 huko Chongqing aliandaa onyesho kubwa la ngoma za watu wa mipakani, na mwaka 1954 ilipofunguliwa Shule ya Dansi ya Beijing, yeye akawa mkuu wake wa kwanza.

Shuleni hapo ndipo lilipokamilika jambo linaloitwa ngoma ya kale ya China, na hapa ni lazima tuseme kweli. Walimu walichukua miondoko ya waigizaji wa michezo ya jadi ya kuimba, hatua za mviringo, mikono, macho, wakaipanga katika ratiba ya mazoezi iliyoegemea baleti. Choe Seung-hui, mchezaji mashuhuri kutoka Korea, alikuwa ametangulia kufundisha Beijing mwanzoni mwa muongo huo na mkono wake umo. Sun Ying, aliyekuwa miongoni mwa walimu, hakukubali. Alisema miili ya waigizaji wa karne za karibuni haiwezi kutuonyesha miili ya Han na Tang, na kwamba baleti imewanyoosha watu waliopaswa kupinda. Akaenda kwenye mawe ya makaburi ya Han, kwenye sanamu ndogo za udongo za wachezaji wenye mikono mirefu ya nguo, akatunga “Tage” mwishoni mwa miaka ya 1990: wasichana waliovaa kijani, wameshikana, wanaelemea upande kama watu wanaotembea kwenye tope la mpunga. Ni kazi yenye furaha kuliko zote nilizoziona China. Wengine walimwambia nawe pia umetunga tu. Naam, alitunga. Mimi sioni aibu katika hilo maadamu mtunzi ameweka jina lake chini ya kazi.

Wakati Sun Ying anachimba makaburini, wenzake Tang Mancheng na Li Zhengyi walikuwa wakitafuta kitu kile kile kwenye pumzi. Tangu miaka ya 1980 walijenga mafunzo yaitwayo “shenyun”. Niliwahi kuruhusiwa kukaa nyuma ya darasa la jioni. Nilitarajia miruko. Mwalimu aliwaketisha sakafuni, miguu imekunjwa, na kwa nusu saa hawakufanya zaidi ya kupanda na kushuka: pumzi inaingia, uti wa mgongo unarefuka mpaka utosini; pumzi inatoka, mwili unazama mpaka kiunoni. Kisha akasema kanuni ambayo nimeibeba mpaka leo, kwamba ukitaka kwenda kushoto, anza kulia. Ukitaka kuinuka, zama kwanza. Mkono hauondoki kabla ya kifua. Niliwaza jinsi mjomba anavyoinamia udi kabla ya kupiga uzi wa kwanza wa bashrafu, kipande cha kufungulia taarab, kana kwamba anaingia mlango mfupi.

Mwaka 1113 kijana wa miaka 18, Wang Ximeng, alimchorea mfalme wake milima na mito juu ya kipande kimoja cha hariri chenye urefu wa karibu mita 12. Rangi ya buluu na ya kijani zilisagwa kutoka kwenye mawe. Mwaka 2021 watunzi wawili wa kike, Zhou Liya na Han Zhen, waliupeleka jukwaani mchoro huo, muziki ukitungwa na Lü Liang. Kundi lililoucheza, Dongfang la Beijing, lilianzishwa mwaka 1962 kwa madhumuni ya kujifunza nyimbo na ngoma za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini; wachezaji wake wa mwanzo walisomea ngoma zetu kabla ya kuucheza mlima wao.

Kwa maana wanacheza mlima. Ndicho kilichonishika. Mkesha wa mwaka mpya wa Kichina wa 2022 sehemu yake ilionyeshwa kwenye televisheni, nikaitazama bwenini na Wachina wanne ambao kwa kawaida hawanyamazi. Wasichana wamevaa buluu na kijani, nywele zimefungwa juu kama vilele, na hawafanyi haraka yoyote. Mmoja amesimama, mwingine ameinama, wa tatu amekaa kama mwamba. Meng Qingyang akiwa katikati anaegemea nyuma, nyuma zaidi, mgongo unakaribia kulala hewani, anabaki hapo. Tatizo la watunzi wale wawili lilikuwa kubwa kuliko la watu wa Dunhuang. Mchezaji wa ukutani angalau aliwahi kucheza. Mlima haujawahi. Wao waliutafutia mlima pumzi, na walichokikuta ni kwamba mwendo wa mlima ni jinsi unavyosubiri.

Nilirudi Unguja mwaka jana. Nilimsimulia mjomba yote haya barazani, jioni baada ya jioni, naye akisikiliza huku anakaza vishikizo vya nyuzi. Nilipofika kwa Guan Pinghu na miaka mitatu ya kukaa na wimbo mmoja, akaniinulia mkono ninyamaze. Akaniambia nikamwombe mama lile daftari.

Mama alikataa kwa wiki mbili. Kisha akalileta mwenyewe, na kanga yake.

Mjomba hasomi herufi za Kiarabu vizuri tena, macho yamepungua, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea. Tumechagua wimbo wa saba, ambao bibi ameuandika kwa wino mzito zaidi. Nasoma ubeti, anarudia kwa mdomo bila udi, mara tano, mara kumi. Anauliza bibi alikuwa akivuta pumzi wapi alipokuwa anazungumza. Mama anajibu kutoka jikoni. Miezi minne sasa. Tuna mistari miwili. Alhamisi iliyopita alinitumia sauti kwa simu, sekunde arobaini, udi peke yake, akaongeza kwa sauti ya chini: “Usimpelekee mtu. Mstari wa pili bado unakimbia.”